Ngoma Ikilia Sana: Historia Fupi ya Kitufe Kilichounguza Ng'ombe

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana nilikwenda nyumbani Mbalibali kwa likizo, nikakuta ugomvi wa ng'ombe. Kwa mtu aliyezaliwa Mara hilo si jambo la kushangaza, ila safari hii ng'ombe hakuwa ameibwa wala hakuwa ameingia shambani kwa mtu. Alikuwa ameuzwa kihalali mnadani, na fedha yake ilikuwa imegeuka moshi.

Alikuwa dume wa baba yangu mdogo. Mtoto wa baba mdogo, ambaye hapa nitamwita mdogo wangu maana ndivyo tunavyoitana, anaendesha Noah ya abiria kati ya kwetu na Mugumu. Ushindani ni mkubwa. Abiria vijana wanachagua gari kwa masikio. Likija lenye muziki mnene wanalisubiri hilo, hata kama lako lina nafasi na linaondoka sasa hivi. Basi akamwomba baba yake auze dume mmoja, aongezee na akiba yake, afunge muziki. Mzee akakubali kwa shingo upande. Mzigo ukaagizwa Kariakoo, ukaja kwa basi: amplifaya iliyoandikwa wati 2000 kwa herufi za dhahabu, na spika ya besi ya inchi kumi na mbili.

Siku ya nne kulikuwa na harusi kwa jirani. Noah ikaegeshwa uani, milango ikafunguliwa, vijana wakacheza. Ilipofika saa tano usiku besi ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Wakaongeza sauti. Ikatoka harufu ya plastiki inayoungua, moshi mwembamba, kisha kimya. Watu wakafikiri gari linawaka.

Nilipofika, baba mdogo alikuwa hasemi na mwanawe kwa wiki ya pili. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nimesoma na kazi yangu ni kuuliza watu maswali: "Ng'ombe wangu ameunguzwa na nini?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, na imenipeleka mbali kuliko nilivyotegemea.

Neno kwanza

Nyuma ya kila amplifaya ya gari kuna kitufe kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi. Mafundi wetu wanakiita gaini. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya faida, na nadhani hapo ndipo balaa linapoanzia, maana nani hataki faida zaidi? Mdogo wangu alikizungusha mpaka mwisho. Alifanya vile ambavyo mtu yeyote angefanya akikuta kitufe cha faida.

Kiswahili chetu nacho kina utata wake hapa. Tunasema kipaza sauti, na mara tunamaanisha kile anachoshika msemaji mkononi, mara tunamaanisha ile pembe iliyofungwa juu ya mti au juu ya gari. Mdomo na koo tumevipa jina moja. Kitu kilicho katikati, kinachopokea sauti ndogo na kutoa kubwa, hakikupata jina la mtaani hadi amplifaya ilipokuja na jina lake. Na kwa sababu hatukukipa jina, nadhani hatukukifikiria sana.

Wakati wazee wetu walikifikiria kabla ya umeme. Wakurya wana ritungu, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito inayotambaa chini. Uzi peke yake ukiuvuta hauna kelele. Ni kama uzi wa kushonea. Kinachoufanya usikike hadi nyumba ya pili ni bakuli la mti lililowambwa ngozi. Lakini bakuli halitengenezi nguvu mpya. Linachukua nguvu ya kidole cha mpigaji na kuitawanya vizuri zaidi hewani. Mpigaji akichoka, ritungu inachoka naye. Hakuna ritungu iliyowahi kuungua, kwa sababu hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuvuta uzi mara mia zaidi ya uwezo wake.

Amplifaya ni mnyama mwingine. Inachukua umeme wa betri na kuufinyanga ufuate umbo la sauti ndogo iliyoingia. Nguvu ni ya betri. Sauti inatoa maelekezo tu. Mtu aliweza kutoa sauti kubwa bila kutumia nguvu zake mwenyewe. Ukilitafakari hilo utaona kwamba kuna kitu kilitoweka: uchovu, ile breki ya asili.

Koo la kioo

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliunda chupa ya kioo yenye nyaya tatu ndani, akaiita Audion. Iliweza kupokea ishara dhaifu ya umeme na kutoa yenye nguvu zaidi. Jambo la kuchekesha ni kwamba mvumbuzi mwenyewe hakuelewa vizuri inafanyaje kazi. Ilibidi wengine waje kumweleza. Kufikia mwaka 1915 chupa za namna hiyo zilikuwa zinapitisha mazungumzo ya simu kutoka New York hadi San Francisco, pwani moja ya Marekani hadi nyingine.

Mwaka huohuo, huko California, Peter Jensen, mhamiaji kutoka Denmark, na mwenzake Edwin Pridham walitengeneza spika yenye koili inayocheza ndani ya sumaku. Wakaiita Magnavox, maneno ya Kilatini yenye maana ya sauti kubwa. Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alitumia mtambo wao kuhutubia umati wa watu wapatao 50,000 mjini San Diego. Kabla ya siku kama hiyo, kiongozi aliweza kuongoza umati kwa kadiri mapafu yake yalivyomruhusu.

Wapenzi wa fasihi mnaujua umati wa namna hiyo. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar na kuichapisha mwaka 1963, alimleta kwa Kiswahili mtu anayesimama mbele ya maiti na kugeuza mioyo ya mji mzima kwa koo lake tu. Ndani ya tamthilia ile Antonio hana spika. Inabidi anyamaze, asubiri, ashuke, awaite watu wasogee. Nusu ya ufundi wake ni kushughulika na umbali. Mpe spika nane na amplifaya, na sina hakika kama hotuba ile ingekuwa nzuri hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki sauti hii mpya ilikuja kwa gari. Hilo nilipolisoma nilicheka peke yangu. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa kikoloni wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kituo chake kikiwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Filamu zao walizitembeza kwa lori lenye jenereta, mtambo wa kuonyeshea, na sauti iliyotoka kwenye santuri kupitia spika. Lilipita Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini. Mradi ulikufa mwaka 1937. Lakini picha ya lori linaloegeshwa kijijini jioni, milango wazi, sauti ikitoka ndani yake na watu wamelizunguka, ni picha niliyoiona uani kwa jirani yetu. Tofauti ni nani aliyeshika kitufe.

Maana kwa muda mrefu kitufe hakikuwa chetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Miaka miwili kabla yake, Rhodesia Kaskazini walianza kuuziwa redio ya betri ya bei nafuu, umbo lake kama sufuria, kwa pauni tano, ili serikali isikike vijijini. Baada ya uhuru, mwaka 1965, redio yetu ikawa ya serikali moja kwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1978, tarehe 2 Novemba, Mwalimu alipotangaza kwamba tutapigana na Idi Amin, ni redio iliyofikisha maneno yale Mara, mkoa wake mwenyewe na mkoa ulio jirani na ule uliovamiwa. Baba mdogo anakumbuka redio moja na watu wengi. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza, anasema. Mwenye redio aliishika magotini, wengine wakanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa amplifaya yao: kunyamaza kwa watu.

Mtu aliyepunguza

Sasa nifike kwa mtu ambaye, kama ningekuwa na uwezo, ningemwalika Mbalibali aongee na mdogo wangu.

Harold Black alikuwa mhandisi kijana kwenye maabara za Bell, New York. Tatizo lake lilikuwa la simu za masafa marefu. Kila baada ya umbali fulani sauti ilidhoofika, ikawekwa amplifaya ya kuiinua; lakini kila amplifaya iliongeza uchafu wake kidogo. Ukipanga nyingi mfululizo, mwisho wa waya unasikia mkoromo. Kila mtu alikuwa anatafuta amplifaya yenye gaini kubwa na safi zaidi. Black alihangaika nalo miaka kadhaa.

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko akivuka Mto Hudson kwenda kazini, wazo likamjia ghafla. Hakuwa na karatasi. Akachora kwenye gazeti la New York Times alilokuwa nalo, akatia sahihi na tarehe. Wazo lenyewe: chukua sehemu ya sauti inayotoka, irudishe mlangoni ikiwa imepinduliwa, iwe inapingana na ile inayoingia. Amplifaya inajisikiliza na kujirekebisha. Gharama yake ni kwamba unapoteza sehemu kubwa ya gaini, ile ile waliyokuwa wanaitafuta kwa jasho. Unachopata ni usafi.

Wenzake waliona ni kichekesho. Unajenga nguvu kubwa halafu unaitupa? Ofisi ya hataza nayo ilisita. Hati yake ilitoka mwaka 1937, zaidi ya miaka tisa baada ya maombi. Leo ni vigumu kukuta amplifaya isiyotumia wazo lake. Redio ya Noah, simu yako, mtambo wa msikitini, wa kanisani, vyote vina mtu ndani yake anayesema: punguza kidogo, sikiliza ulichotoa.

Gari linaimba

Redio ya gari ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwaka 1930, pale ndugu wawili wa ukoo wa Galvin walipotoa ile waliyoiita Motorola. Ilikuwa kubwa na ghali. Transista ilipogunduliwa mwaka 1947 mitambo ikaanza kusinyaa; kaseti ya Philips ya mwaka 1963 ikampa dereva uhuru wa kuchagua wimbo. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo historia ya sauti inapoondoka mikononi mwa serikali na kuingia mikononi mwa makonda.

Nairobi, mwaka 1973, Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zile za mabasi. Dar es Salaam, mwaka 1983, mabasi madogo ya watu binafsi yakahalalishwa, yakaitwa daladala kwa nauli ya shilingi tano, dala moja. Pande zote mbili za mpaka gari la abiria likawa jukwaa. Matatu ikaweka spika chini ya viti hadi abiria anasikia wimbo kwa mgongo kabla ya sikio. Waziri John Michuki alipoleta kanuni zake mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, vijana wengi waliomboleza kana kwamba wamefiwa. Kenya ikatunga kanuni za kelele mwaka 2009, sisi tukatunga zetu mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira. Muziki haukuzimika. Uswahilini Dar es Salaam ulikuwa umezaa singeli, muziki unaokimbia kama mtu anayefukuzwa, na singeli bila besi ni kama ugali bila mboga.

Sitaki kuandika kama mzee anayelalamikia vijana. Nimepanda sana magari hayo, na najua kitu ambacho kanuni hazisemi: kwa kijana asiye na ardhi wala ajira, gari linalotetemesha kifua ni mahali pekee ambapo anasikika. Babu yake alisikilizwa kwa sababu alikuwa na zizi. Yeye ana spika. Ndiyo maana swali la baba mdogo lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Alibadilisha kilichompa yeye heshima na kile alichoamini mwanawe kinampa heshima, kikaungua siku ya nne.

Kwa fundi, Mugumu

Tulimpeleka mgonjwa kwa fundi mmoja wa Mugumu, mtu wa makamo, mpole. Hakugusa spika kwanza. Aligeuza amplifaya na kuangalia fyuzi.

"Hapa imeandikwa ngapi?"

"Elfu mbili," akasema mdogo wangu.

"Na fyuzi?"

"Thelathini."

Akachukua kalamu. Gari likiwa linanguruma, alternata inatoa volti kama 13.8. Mara ampia 30, unapata wati 414. Huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika. Sehemu nzuri yake inapotea kuwa joto, ndiyo maana amplifaya ina mapezi ya bati mgongoni. Ukibakiwa na 250 ushukuru. Zile 2000 ni mapambo.

Kisha akaonyesha kitufe. Pembeni yake kulikuwa na namba, kuanzia volti 6 hadi 0.2. Akasema gaini si sauti. Sauti iko kwenye redio. Gaini ni makubaliano kati ya redio na amplifaya: unaiambia amplifaya kwamba ukipokea volti kadhaa, hapo ndipo ufike mwisho wa nguvu zako. Redio ya mdogo wangu inatoa volti 2. Yeye aliweka 0.2. Maana yake aliiambia amplifaya ifike mwisho redio ikiwa imetoa sehemu ya kumi tu ya uwezo wake. Kila kilichozidi hapo kiliomba kisichokuwepo. Volti mara kumi ni nguvu mara mia. Hakuna ng'ombe wa kulipia hiyo.

Sasa amplifaya ikiombwa isichokuwa nacho inafanya nini? Haikatai. Sauti, ukiichora, ni mawimbi yenye vilele vya mviringo. Amplifaya ikifika dari, inakata kilele, wimbi linakuwa bapa juu na chini kama meza. Sikio linasikia mkoromo. Koili ya spika yenyewe inasikia joto, kwa sababu wimbi lililokatwa hadi kuwa mraba hubeba nguvu karibu maradufu ya lile la mviringo lenye urefu uleule. Koili ni waya mwembamba uliozungushwa kwenye bomba jepesi na kubanwa kwa gundi. Gundi inalainika, waya unaungua, basi.

Fundi aliuliza maswali mawili zaidi. Kile kitufe kingine cha kuongeza besi kilikuwa wapi? Mwisho, desibeli 12. Hiyo peke yake ni nguvu karibu mara 16 kwenye sauti za chini. Na injini, usiku wa harusi, ilikuwa inanguruma? Hapana, walizima kuokoa mafuta. Basi betri ilikuwa inashuka, 12, kisha chini ya hapo, na dari ya amplifaya ikishuka nayo. Kadiri usiku ulivyokwenda, ndivyo walivyokuwa wanaikata zaidi, na kadiri ilivyokoroma, ndivyo walivyoongeza.

"Ngoma ikilia sana hupasuka," akasema fundi. Akaongeza kwamba watu wanaichukulia methali ile kuwa onyo kwa wenye majivuno, lakini kwake ni maelekezo ya kazi.

Spika ilifungwa koili mpya. Kisha akatufundisha, na nayaandika hapa kwa faida ya yeyote ambaye dume lake bado liko zizini.

Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Rudisha gaini chini kabisa, zima kuongeza besi, weka marekebisho yote ya redio katikati. Washa injini. Weka kwenye redio sauti moja isiyobadilika ya hezi 50, ipo kwenye flashi ya fundi yeyote makini. Pandisha sauti ya redio hadi robo tatu. Kama mwisho ni 40, simama 30. Halafu chukua kipimo cha umeme, kiweke upande wa volti za AC, gusa matundu ya spika. Namba unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 250 mara omu 4 ni 1000, na kipeuo chake cha pili ni 31.6. Zungusha gaini taratibu mpaka kipimo kisome volti 31.6, kisha acha. Zima, rudisha spika. Tangu siku hiyo redio haivuki 30.

Kama ungeamini zile herufi za dhahabu, ungetafuta volti 89. Amplifaya ile isingefika huko hata kwa maombi.

Kuna jambo moja la mwisho alilolisema ambalo lilinikaa. Masikio yetu hayahesabu kama kipimo. Ukiongeza nguvu maradufu, mtu anasikia tofauti ndogo tu. Ili aone sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Kwa hiyo ule mzunguko wa mwisho wa kitufe, ule unaounguza, ndio unaoongeza kidogo kabisa. Tunauza ng'ombe kwa ajili ya kitu ambacho hakuna anayekisikia.

Na sikio lenyewe lina fyuzi yake. Wataalamu wa afya kazini wanaruhusu desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda unapungua nusu, hivyo desibeli 100 ni dakika kumi na tano tu. Konda anakaa ndani ya hizo kutwa nzima. Desibeli imepewa jina la Alexander Graham Bell, mtu aliyefundisha viziwi, ambaye mama yake na mke wake wote walikuwa viziwi. Spika unaifunga koili nyingine. Sikio halina fundi, Mugumu wala Muhimbili.

Hesabu ya baba mdogo

Jioni ile nilimweleza mzee. Nilijitahidi kuacha volti na omu. Nilimwambia gamba lilisema 2000, kweli yake ni 250.

Alikaa kimya akihesabu. Kisha akasema, "Kwa hiyo tuliuziwa ng'ombe wanane, zizini akaingia mmoja."

"Ndiyo, baba."

"Na huyo mmoja akafungwa jembe la wanane, akachapwa mpaka akafa."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu kukatwa kwa mawimbi, ya wahandisi na ya wauzaji. Sijakutana na lililo bora kuliko hilo. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Mzee hakumgeukia, ila alimwambia alete kiti. Walikubaliana deni la dume litalipwa kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi, kutoka kwenye nauli.

Niliondoka mapema Januari kwa Noah hiyohiyo. Gaini ilikuwa imezibwa kwa utepe mweusi. Besi ilikuwa safi, ndogo kuliko nilivyoizoea, lakini ulisikia kila gitaa na kila neno la mwimbaji. Kabla hatujafika mbali kijana mmoja siti ya nyuma akalalamika, "Dereva, mbona muziki mdogo? Ongeza bwana!"

Mdogo wangu akanyoosha mkono, akapandisha hadi 30, akaurudisha mkono kwenye usukani. Kijana akaomba tena. Hakujibiwa.